Je, bunduki yako imekukaa? Hotuba ya Mbarara, Uganda, kwa walinzi na wenye shotigani

Wale mliokuwa zamu siku ile mmeniandikia sana mkiuliza nilisema nini, basi naiweka hotuba yote hapa kama nilivyoisema. Picha za ukutani nimeziacha, bila mtu wa kuzielekezea kidole hazisaidii.

Maafande mliopo, wazee wetu wenye mashamba, ndugu zangu walinzi, na dada zetu ambao leo nawaona wengi kuliko siku zote, hamjambo? Asanteni kwa kuja, najua kuna watu wametoka zamu ya usiku moja kwa moja bila kulala, wengine mmepanda boda kutoka mbali na vumbi lote hili, kwa hiyo salamu ndefu tuziache, naingia kwenye jambo lenyewe.

Naanza na maswali. Nani hapa ameshawahi kurudi kutoka renji, kwenye uwanja wa shabaha, shavu limevimba? Inua mkono, usione aibu. Eeh, naona. Nani amerudi na alama nyeusi hapa kwenye msuli wa mkono, chini ya bega? Wengi. Nani kidole chake cha kati kimegongwa na kile chuma kinachozunguka triga mpaka kifundo kikavimba? Haya, shusheni mikono. Sasa swali la mwisho, na hili nijibuni kwa moyo kabisa: ulipomwonyesha mkufunzi wako ile alama, alikuambia nini? Alikuambia shika vizuri. Alikuambia usiogope. Alikuambia utazoea. Si ndiyo? Kuna hata mmoja hapa ambaye mkufunzi alimwambia hebu lete hiyo bunduki tuone kama kitako chake kinakukaa? Hata mmoja?

Mnaona, ukumbi mzima kimya. Ndiyo sababu nimeomba nafasi ya kusema leo.

Ndugu zangu, watu wengi mno wameambiwa hawajui kupiga, wameambiwa ni waoga, wengine wamenyang'anywa hata kazi, na kumbe hakuna aliyewahi kupima ule mti au ile plastiki inayokaa begani mwao. Bunduki ilitengenezwa kiwandani kwa kipimo cha mtu wa kati, mwanamume wa Marekani au wa Ulaya wa urefu fulani, halafu ikaletwa hapa ikapewa dada wa Kabale mwenye mabega membamba, ikapewa kijana wa Karamoja mwenye shingo ndefu, na wote wanaambiwa piga. Ni kama kampuni ikupe gamubuti namba 10 wakati mguu wako ni namba 6 halafu ikulaumu kwa nini unajikwaa.

Sasa tuelewane kwanza kwa nini shotigani ina tabia yake. Wengi wenu mmejifunzia AK. AK ina saiti, yaani alama za kulengea, ya mbele na ya nyuma, unazipanga, unabonyeza. Hata kitako kikiwa hakikukai sana, saiti mbili zikipangana risasi inaenda pale. Sasa chukua shotigani ya kawaida, angalia juu ya mtutu. Mbele kuna nini? Kuna kashanga kadogo. Na nyuma kuna nini? Nauliza tena, nyuma kuna nini? Hakuna kitu! Saiti ya nyuma ya shotigani ni jicho lako wewe. Na jicho lako linawekwa na nini? Linawekwa na shavu. Na shavu linawekwa na nini? Linawekwa na kitako. Kwa hiyo kitako kikiwa kimekosea, saiti yako ya nyuma imekosea, na hutajua kwa sababu hakuna chuma cha kukuonyesha kwamba imehama.

Imehama kiasi gani? Hapa naomba wenye hesabu wanisikilize. Chukua shotigani yenye mtutu mrefu, kutoka jicho mpaka ile shanga ya mbele ni kama mita 1. Jicho lako likihama milimita 1 tu kutoka mahali pake, kila mita ya safari inakuongezea kosa la milimita 1. Kwenye mita 16 umekosea karibu milimita 16. Jicho likihama milimita 5, na milimita 5 ni nini, ni unene wa simu nyembamba tu, ukifika mita 30 umekosea sentimita 15. Na zile pampu, shotigani za kukokwa kwa mkono, za mtutu mfupi tunazobebeshwa getini ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu kutoka jicho mpaka shanga ni kama sentimita 80 hivi, kwa hiyo kosa lile lile la milimita 5 linakuwa karibu sentimita 19.

Najua kuna mtu moyoni anasema, aah, shotigani inatawanya, itapata tu. Nani aliwadanganya hivyo? Marisau, zile punje ndogo za ndani ya risasi ya shotigani, yanaanza kutawanyika baada ya kutoka kwenye mtutu, na yanatawanyika polepole. Mlangoni mwa benki, mita 5 au 6, mzigo wote bado umefungana, tundu ni kama ngumi. Ngumi! Na nyuma ya huyo unayemkabili kuna mama anauza ndizi, kuna boda wanne, kuna watoto wa shule. Ndugu mlinzi, hiyo ngumi ni lazima iende pale ulipoangalia. Kwa mwindaji kosa ni kanga kaenda zake. Kwetu sisi kosa ni mtu.

Nawapa kisa. Kulikuwa na dada mmoja, mafunzoni, jina lake silitaji na kampuni yake pia siitaji. Mfupi, mikono mifupi, mtu wa bidii sana, alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Kila wakipiga, marisau yake yanakwenda juu au yanakwenda pembeni, hayakai mahali pamoja. Siku ya pili akaanza kufumba macho kabla ya kubonyeza triga. Msimamizi akasema mbele ya watu wote, mnaona, wanawake wanaogopa bunduki, huyu mpelekeni kwenye kupekua mikoba. Mbele ya watu wote! Nikamwomba anionyeshe ilipouma. Akakunja mkono wa shati. Alama ilikuwa kwenye msuli wa mkono, vidole vitatu nje ya bega. Begani kwenyewe, pale kitako kinapotakiwa kukaa, ngozi ni safi kabisa, haijaguswa.

Mnaelewa maana yake? Maana yake bunduki ilikuwa ndefu mno kwake. Hawezi kuivuta mpaka ndani ya bega kwa sababu mkono haufiki, kwa hiyo anaiweka nje, juu ya mkono, halafu shingo anainyoosha mbele kuifuata, shavu linaelea hewani, bunduki inarudi nyuma inapata nafasi ya kuchukua kasi kabla ya kumfikia, inampiga shavuni na mkononi. Wewe ungekuwa yeye usingefumba macho? Hata simba angefumba. Mwili wa yule dada ulikuwa unafanya kazi yake vizuri, unajikinga.

Tulichofanya ni kidogo tu, tukapata pampu ya kampuni hiyo hiyo yenye kitako kifupi, ile inayotengenezwa kwa ajili ya vijana, tukabandika sponji nyembamba juu ya kitako ili shavu lipate pa kukaa. Sikumfundisha kitu kipya. Alianza kupiga mahali pamoja mchana ule ule, na macho akaacha kufumba bila mtu kumwambia.

Kwa hiyo tuanze na urefu. Urefu wa kitako unapimwa kutoka triga mpaka mwisho wa kitako pale kinapogusa bega. Bunduki nyingi za kiwandani ni kama inchi 14, yaani sentimita 35 na nusu, au zaidi kidogo. Zile za vijana na watu wadogo zinashuka mpaka inchi 13 au 12. Sasa kuna kile kipimo mnakijua wote, unakunja mkono, unaweka mwisho wa kitako kwenye kiwiko kwa ndani, ukiona kidole kinafika kwenye triga unasema imenikaa. Hicho kipimo kinapima nini? Kinapima mkono kuanzia kiwiko mpaka kidole, basi. Hakijui shingo yako, hakijui upana wa kifua, hakijui kama umevaa koti. Na mtu hapigi bunduki kwa kiwiko.

Pima hivi. Bunduki tupu, imekaguliwa na watu wawili, chemba, pale risasi inapokaa, wazi kila mtu aone. Ipandishe begani kama kawaida yako, shavu likae, halafu angalia nafasi kati ya pua yako na kidole gumba cha mkono unaoshika karibu na triga. Inatakiwa ibaki nafasi ya vidole viwili au vitatu. Kidole gumba kikigusa pua, kitako ni kifupi, na siku ukipiga utajipiga ngumi ya pua mwenyewe. Nafasi ikiwa ya kiganja kizima, kitako ni kirefu. Ishara nyingine ya urefu kupita kiasi ni kitako kunasa kwenye kwapa au kwenye nguo wakati unapandisha. Na hapa walinzi wa usiku nisikilizeni vizuri, mchana umevaa shati, saa nane usiku umevaa sweta, koti la mvua, wengine na fulana ya kuzuia risasi juu yake. Ile nguo yote ni urefu umeongezwa. Kitako kilichokukaa mchana kinakuwa kirefu usiku, na usiku ndio wezi wanakuja. Kwa hiyo pimiwa na nguo ulizovaa kazini, usije renji na tisheti.

Ukiniuliza bora kiwe kifupi kidogo au kirefu kidogo, nakujibu bila kufikiri, bora kifupi. Mtu mrefu anaweza kuvumilia kitako kifupi, lakini mtu mfupi hawezi kabisa kuvumilia kitako kirefu.

Tuje kwenye shavu, na hapa ndipo penyewe, urefu watu wengi wanauzungumza lakini shavu hawalizungumzi. Ile sehemu ya juu ya kitako ambapo shavu linalala, mimi naiita mgongo wa kitako. Kanuni ni rahisi, ishike: jicho likienda juu, marisau yanaenda juu. Jicho likienda chini, marisau yanaenda chini. Jicho likienda kushoto, marisau kushoto. Kama saiti ya nyuma ya AK, ni kitu kile kile. Mgongo ukiwa juu sana kwa uso wako, jicho linakaa juu, unapiga juu. Mgongo ukiwa chini sana, ukilaza shavu sawasawa unaona nyuma ya chuma tu, shanga huioni. Mtu akikosa kuona shanga anafanya nini? Ananyanyua kichwa! Kila mtu ananyanyua, ni lazima, jicho linatafuta kuona. Sasa shavu limeachana na kitako, jicho halina makao, leo liko hapa kesho liko pale, na bunduki ikirudi inakutana na shavu njiani inalipiga. Ndiyo maana watu wenye nyuso nyembamba na mashavu ya mfupa wanaumia zaidi, na wakufunzi wanawaambia bandika shavu, bandika shavu. Abandike wapi wakati mbao haifiki?

Kupima hili usimsimamishe mwenzako mbele ya mtutu akuangalie jicho. Nimeona watu wanafanya hivyo na inaniuma moyo, hata kama bunduki ni tupu, hata kama imekaguliwa mara ngapi, mtutu hauelekezwi kwa mtu ambaye hujakusudia kumpiga. Tumia kioo. Kioo kile cha kunyolea kinatosha, kining'inize kwenye ukuta imara usio na watu nyuma yake, simama mbele, fumba macho, pandisha bunduki mpaka shavu likae, fungua macho. Unataka kuona jicho lako limekaa juu ya mtutu katikati, kama linachungulia kwenye ukuta mfupi, lisiwe limezama nusu na lisiwe linaelea juu. Usijirekebishe ukishafungua macho! Hapo ndipo watu wanajidanganya, anafungua macho, anaona limekosea, anasogeza shingo kidogo, anasema sawa. Kazini hakuna nafasi ya kusogeza shingo.

Upande wa kulia na kushoto. Nina kisa cha mzee mmoja mfugaji, shamba lake liko upande wa kule kuelekea Ziwa Mburo, ana vibali vyake vyote, ni mtu wa sheria. Alikuwa na bunduki ya zamani ya mitutu miwili kandokando, kitu kizuri sana, mti wa jozi, mafuta yameingia mpaka inang'aa, mzungu mmoja aliyeondoka alimwachia marehemu baba yake. Mzee anaipenda ile bunduki. Lakini kila tukirusha sahani za udongo anakosa, na anakosa upande ule ule, kulia. Anasema macho yamezeeka. Watoto wake wanasema mzee aache sasa.

Nikageuza bunduki, nikaangalia kutoka nyuma kwenye mwisho wa kitako kuelekea mbele. Kitako hakikunyooka na mitutu, kilikuwa kimelazwa kulia kidogo. Haikuwa imeharibika, ilitengenezwa hivyo makusudi! Mafundi wa Uingereza, watu kama Purdey wa London ambao wako kwenye kazi hiyo tangu 1814, wanampima mteja kwa bunduki maalum yenye kitako cha skrubu na bawaba, wanakizungusha juu, chini, pembeni, mpaka jicho la yule mtu likae katikati, ndipo wanachonga mti. Yule mzungu alikuwa anapigia bega la kulia, kwa hiyo kitako chake kilipindwa kulia ili uso wake ufike katikati ya mitutu. Na mzee wetu? Mzee wetu ni wa mkono wa kushoto. Piga hesabu. Tuseme kitako kimelazwa milimita 6 kulia, na yeye alihitaji kilazwe milimita 6 kushoto. Hapo jicho limekosea milimita 12. Kwenye mita 30 ni sentimita 36 kulia. Macho ya mzee hayakuwa na tatizo lolote, alikuwa anapiga na shingo ya mtu mwingine ambaye hayupo.

Ule mti fundi wa bunduki anaweza kuupinda. Wanapasha joto ile shingo nyembamba ya kitako kwa mafuta ya moto au kwa taa ya joto, wanaibana na klampu, inalala upande mwingine polepole. Ni kazi ya fundi mwenye ujuzi na leseni, na mti wa zamani unaweza kupasuka, kwa hiyo mzee aliambiwa ukweli kabla. Plastiki haipindiki hivyo, lakini bunduki nyingi za kisasa, hizi nusu-otomatiki za Beretta na Benelli kwa mfano, zinakuja na vipande vyembamba vya kuweka kati ya kitako na chuma, ukibadilisha kipande kitako kinapanda au kinashuka, kinalala kulia au kushoto. Vile vipande viko kwenye boksi! Watu wanavitupa pamoja na boksi bila kujua ni vya nini.

Kuna jambo lingine la nne, dogo kulisema lakini dada zetu wanalijua kwa maumivu. Ule mwisho wa kitako una pembe, una sehemu ya juu na ncha ya chini. Kwa mtu mwenye kifua, ile ncha ya chini inachimba kifuani, inasukuma bunduki ipande juu ikipigwa. Fundi anabadilisha pembe ya ule mpira na kuigeuza ncha kidogo nje. Kazi fupi tu, na maumivu yanaisha. Hakuna sababu ya dada kukaa miaka akidhani ndivyo bunduki ilivyo.

Lakini kabla hujagusa kitako chochote, jua jicho lako. Fanyeni sasa hivi hapo mlipokaa. Nyosha mikono yote mbele, tengeneza katundu kadogo kwa viganja, angalia ile saa ya ukutani kupitia hapo, macho yote mawili wazi. Sasa fumba la kushoto. Saa bado iko? Jicho lako kuu ni la kulia. Imepotea? Jicho kuu ni la kushoto. Sasa wewe wa mkono wa kulia ambaye saa imepotea, wewe naomba unione baadaye, kwa sababu bega lako na jicho lako havikubaliani, na hilo kitako hakitalitibu. Utajifunza bega la kushoto, au utafumba jicho, au utabandika kaselotepu kwenye miwani upande ule. Naona mikono kama sita hivi inashuka kwa mshangao. Mmepigwa kelele miaka mingapi bure?

Haya, umejua jicho, umejua urefu, unataka kurekebisha. Ngoja kwanza. Kitako hakiwezi kumkaa mtu ambaye kila akipandisha anapandisha tofauti. Angalieni wale wa skiti, mchezo wa kupiga sahani za udongo zinazorushwa, kwenye Olimpiki, sheria inawataka washikilie bunduki chini kiunoni mpaka sahani itokee, na sahani inaweza kutoka mara moja au kuchelewa mpaka sekunde 3, halafu ndani ya kufumba na kufumbua bunduki imefika shavuni na sahani ya milimita 110 imevunjika. Abdullah Al-Rashidi wa Kuwait alichukua shaba ya skiti Rio 2016, akaichukua tena Tokyo akiwa na miaka 57. Miaka 57! Misuli ya ujana hapo haipo tena, kuna bunduki iliyomkaa na mkono unaoipandisha vile vile kila mara. Nyie nyumbani, au tuseme kwenye chumba cha silaha kwa ruhusa, bunduki tupu, risasi ziko chumba kingine, pandisha taratibu. Peleka bunduki shavuni kwanza, bega lije kuipokea. Usiweke begani halafu ukaanza kuinamisha kichwa kuitafuta. Dakika chache kila siku, taratibu, mpaka mwili ukumbuke.

Ndipo twende kwenye karatasi. Karatasi kubwa, au mabati yaliyopakwa rangi kama renji inaruhusu, weka alama katikati, simama mita 16. Usilenge! Narudia, usilenge. Angalia alama, pandisha, bunduki ikigusa shavu bonyeza. Rudia mara kadhaa alama ile ile halafu angalia katikati ya mzigo iko wapi. Imekaa sentimita 5 kushoto? Kwa mtutu mrefu hiyo ni kama milimita 3 shavuni. Sasa unajua cha kumwambia fundi, una namba mkononi, huendi kumwambia eti bunduki ina mkosi.

Na kurekebisha kuanze na vitu vinavyotoka. Kadibodi na selotepu juu ya kitako, sponji, mpira wa kuvalisha nyuma wa kuongeza urefu, tembea navyo wiki kadhaa, piga navyo. Kukata mti ni mwisho kabisa, kwa sababu kilichokatwa hakirudi. Tena naomba sana, bunduki usiipeleke kwa seremala. Namjua kijana aliyefungua kitako akakipeleka kwa fundi wa milango akatwe haraka haraka, kikakatwa mshazari, pembe ikawa ya ajabu, na sasa kila akipiga inateleza kutoka begani. Na kuna sheria ya silaha ya nchi hii tangu 1970, bunduki yenye kibali haikabidhiwi mtu asiye na kibali hata kama ni rafiki yako na ana mashine nzuri. Nenda kwa fundi wa silaha anayetambuliwa, kwa mlinzi ni yule wa kampuni, na bunduki ya kampuni usiibadilishe hata skrubu moja bila ruhusa ya maandishi.

Sasa nageukia wasimamizi na wenye makampuni, mko pale mbele, nawaona. Najua bunduki moja inapita mikononi mwa walinzi watatu kwa siku. Najua mnasema hatuwezi kununua bunduki kwa kila mtu. Sijawaomba hivyo! Nawaomba bunduki za zamu ziwe na vitako vifupi, na pale kwenye chumba cha silaha kuwe na mipira ya kuvalisha ya unene tofauti, mrefu akichukua zamu anavalisha, mfupi akichukua anavua. Nawaomba kila mlinzi awe na kadi, imeandikwa mkono gani, jicho gani, mpira gani, mchana na usiku. Kadi ya karatasi! Na nawaomba, kabla hamjamwandika mtu kwamba ameshindwa shabaha, aandikwe kwanza kwamba amepimwa kitako. Yule dada niliyewaambia angekuwa anapekua mikoba mpaka leo.

Hapo nje kuna kioo, kuna meza mbili, kuna pampu nne tupu na mipira ya kuvalisha, na renji tumepewa mpaka saa kumi. Wakaguzi wa chemba wametangulia, hakuna anayegusa bunduki kabla yao. Tunaanza na watu wa mkono wa kushoto na wale ambao saa ilipotea, halafu wafupi, warefu mtasubiri leo. Waliokuja na makoti yao ya usiku wayavae.